Wazazi Kuwafundisha Watoto Kazi za Mikono Baada ya Shule

Maneno yaliyonenwa mbele ya wazee na wazazi wa mitaa, katika Yubile ya miaka mia ya Dayosisi ya Masasi

Tumeagizwa tunene habari ya darasa la kazi za mikono ambalo wazazi wa mtaa wetu hulifanya kwa ajili ya watoto wa shule ya msingi, wakati wa alasiri, masomo yakiisha. Wengi wenu mmetuuliza njiani na barazani: Mlianzaje? Fedha mlipata wapi? Mbona kwetu lilianza likafa? Basi tutajaribu kujibu kwa kadiri tulivyoona kwa macho yetu, wala hatutasema tusiyoyajaribu.

Darasa lenyewe ni jambo dogo. Siku ya Jumanne na siku ya Alhamisi, tangu saa nane na nusu mchana hata saa kumi na nusu, watoto wa darasa la tatu mpaka la sita hukutana chini ya miembe nyuma ya kanisa, na wazazi wanaojua kazi huwafundisha. Wako wanaosuka ukili, wako wanaofinyanga, wengine huchonga mipini ya majembe na miiko ya kusongea ugali, wengine hushona, na wakubwa kidogo hufundishwa kubebesha miche ya mikorosho na miembe. Hakuna ada, wala hakuna cheti. Huu ni mwaka wa nne.

Tena jambo hili si geni katika Kanisa letu. Mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowaleta Masasi watu waliofunguliwa utumwani, wakitoka Unguja, hawakuja kufungua chuo tu. Walikuja kujenga mji, na mji haujengwi kwa kusoma peke yake. Kule Unguja misheni ilikuwa na kiwanda cha kupigia chapa, na vijana waliookolewa katika majahazi ya watumwa ndio waliokuwa wakipanga herufi za vitabu vya Kiswahili. Na jirani yao, Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa, waashi walikuwa wakisimamisha kuta za kanisa ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Noeli mwaka 1873. Wazee wale wa kwanza hawakuona kwamba kitabu ni cha mwenye akili na mwiko wa mwashi ni wa aliyeshindwa.

Dayosisi hii ilipoanzishwa mwaka 1926, Askofu wake wa kwanza, William Vincent Lucas, alikuwa amekwisha kujulikana kwa jambo ambalo wengi wa Ulaya walilistaajabia. Hakulifuta jando. Yeye pamoja na mapadre Waafrika waliliingiza katika maisha ya Kanisa, wakaondoa yasiyopatana na imani, wakawaacha wazee waendelee kufundisha. Watu wamebishana juu ya jambo hilo tangu siku zile hata leo, nasi hatukuja kuuamua ubishi wao. Twataka mtazame kitu kimoja tu. Katika jando lile, ni nani aliyekuwa mwalimu? Alikuwa ni mzee wa kijiji, mkulima, pengine asiyejua hata kuandika jina lake, naye alisimama mbele ya wana wa Wakristo kwa idhini ya Askofu mwenyewe, akasikilizwa.

Baadaye mambo yaligeuka. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitia shule za misheni mikononi mwa Serikali, na hapo wazazi wengi waliona kwamba shule si yao tena, ijapokuwa majengo yalibaki pale pale chini ya mlima. Miaka miwili kabla ya hapo, Mwalimu Nyerere alikuwa ameandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, akataka kila shule iwe na shamba au karakana, na mtoto ajifunze kwa kutenda. Maneno yake yasomeka vizuri hata leo. Lakini mzee yeyote aliyesoma siku zile atawaambieni yaliyotokea katika shule nyingi: kujitegemea kuligeuka kuwa jembe. Watoto walilima, wala hawakufundishwa kulima. Walichota maji ya nyumba ya mwalimu, wakabeba kuni za mwalimu, wakapalilia mahindi ambayo hawakuyaona tena baada ya kuvunwa.

Twayataja haya kwa sababu ndiyo yaliyotukabili siku ya mkutano wa kwanza. Tulipowaita wazazi na kuwaeleza shauri letu, mzee mmoja aliye nyuma alisimama akasema, "Mnataka kuturudishia kibarua cha shule. Mimi nililima shamba la mwalimu wangu miaka saba, na mjukuu wangu hatalima." Watu wakapiga makofi. Wala hakuna aliyeweza kumjibu siku ile, maana alisema kweli. Neno lake lilitufaa kuliko maneno yote ya waliotuunga mkono, kwa kuwa kanuni zetu zote zilizofuata zilitungwa ili zimjibu yeye.

Lakini kabla ya kanuni, hatuna budi kuwasimulia habari ya mama mfinyanzi.

Mafundi wanaume hawakututaabisha. Seremala alikubali siku ile ile, maana seremala apenda kusikilizwa. Fundi cherehani alikubali, na mzee wa kubebesha miche akakubali. Lakini darasa la mafundi wanaume tu tuliliona pungufu, na katika mtaa wetu yuko mama mmoja ambaye vyungu vyake hupikiwa katika kila karamu ya arusi. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda. Tulikwenda kwake mara tatu. Mara ya kwanza alitupa maji ya kunywa, akasema ana kazi shambani. Mara ya pili alisema, "Wanangu, mimi sikusoma. Nikisimama mbele ya watoto wa shule nitasema nini? Watanicheka." Mara ya tatu tulifuatana na mwalimu mkuu. Mwalimu alivua viatu mlangoni, akamwamkia shikamoo, akaitikiwa, akaketi mkekani. Akasema, "Mama, nimekuja kuomba msaada. Nawafundisha watoto kwamba udongo wa mfinyanzi hushika maji, na wa kichanga huyapitisha. Wanaandika vema katika mtihani. Lakini hapana hata mmoja awezaye kuutambua udongo huo akiukanyaga." Yule mama akacheka kidogo, akasema, "Hilo nalijua."

Alhamisi iliyofuata akaja, amevaa kanga yake ya kanisani, akawachukua watoto bondeni karibu na kijito. Hakuhutubia. Aliwaambia wachimbe mahali pawili, wakande mikononi, kisha wajaribu kukunja kijiti cha udongo kama pete. Udongo wa mahali pa kwanza ukakatika. Wa mahali pa pili ukakunjika bila kuvunjika. "Huu ndio," akasema. Baada ya hapo ukaanikwa, ukatwangwa, ukachekechwa kwa chekecheo, ukachanganywa na mchanga, konzi moja kwa konzi tatu za udongo, ukakandwa siku nzima. Mwalimu wa hesabu wa darasa la nne alikuwapo akitazama, na juma lile somo lake la sehemu alilifundisha kwa konzi. Alituambia kwamba ni mara ya kwanza darasa zima kulielewa kwa siku moja. Labda aliongeza chumvi. Walimu hupenda kutupa moyo.

Vyungu vilipokwisha kufinyangwa, kukwanguliwa kwa gunzi na kulainishwa kwa jiwe la mtoni, vilikaa kivulini siku kumi, kisha vikachomwa kwa nyasi na magome ya miti. Zaidi ya nusu vilipasuka motoni. Watoto wengine walilia. Mama hakuwabembeleza. Aliokota kigae kimoja, akawaonyesha mahali palipobaki pepo ndani ya udongo kwa sababu ya kukanda kwa haraka, akawaambia wakusanye vigae vyote wavitwange, kwa kuwa vigae vilivyosagwa hutiwa katika udongo mpya ili chungu kivumilie moto. Nusu ya vyungu vya kipindi cha pili vilikuwa na vigae vya kwanza ndani yake.

Tokea siku zile hapana mtoto ampitaye njiani asimwite Mwalimu. Nasi tuliona jambo ambalo hatukulitazamia tulipoanza. Mtoto wetu, akiingia shule, hujifunza mengi yaliyo mema. Lakini hujifunza na jambo moja lisiloandikwa ubaoni, nalo ni kwamba watu ni wa namna mbili, wanaojua na wasiojua, na mama yake ni wa namna ya pili. Hatuwalaumu waalimu. Hawasemi hivyo. Mtoto huona mwenyewe kwamba mama akiitwa shuleni huketi benchi la nyuma, hutia alama ya kidole gumba, na hunyamaza. Mtoto huyo akishindwa mtihani wake wa mwisho na kurudi nyumbani, hurudi kwa watu aliokwisha kuwadharau, kushika kazi aliyokwisha kuidharau. Ndiyo maana hawezi kukaa. Huuza baiskeli ya baba yake akaenda mjini. Tena hata aliyefaulu, akapata cheo, hatatuma mtoto wake kwa bibi ajifunze kitu.

Kwa hiyo twasema, ndugu zetu: katika darasa la namna hii, kazi inayofundishwa ni ya pili. La kwanza ni nani asimamaye mbele. Mkimleta fundi wa kulipwa kutoka mjini, mwenye kofia na karatasi, mtapata vigoda vizuri. Lakini hamtakuwa mmefanya tulilolifanya sisi. Msiwatafute wageni mpaka mmekwisha kuzihesabu nyumba zenu zote, mkauliza mlango kwa mlango nani ajua nini. Sisi tulipouliza tulipata watu 23, na wengi wao hawakuwahi kuombwa neno lolote na shule tangu kuzaliwa kwao, ila mchango.

Mwanawe yule mama mfinyanzi, aliye darasa la tano, hakujiunga na ufinyanzi. Alichagua useremala, alisema udongo huchafua sare. Basi, na iwe hivyo.

Sasa habari ya mpango. Jambo la kwanza ni ruhusa. Msifanye kwa siri wala kwa ujirani tu. Tulikwenda kwa mwalimu mkuu, tukaenda kwa Kamati ya Shule, tukamwarifu Padre na mwenyekiti wa kijiji, tukaandika kwa karatasi siku, saa, mahali, na majina ya mafundi. Kila mzazi alitia sahihi au kidole kwa mtoto wake. Wako watoto wa Waislamu katika shule yetu, nao ni wengi. Baba zao waliuliza kama darasa lililo nyuma ya kanisa ni darasa la dini. Tukawajibu kwamba si la dini, na siku zenyewe tulizipanga zisigongane na madrasa. Fundi cherehani wetu ni Mwislamu, naye ndiye mtunza fedha.

Majira yana nguvu kuliko mpango wowote. Kwetu mvua ni za msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hata Aprili, na wakati huo kila mkono uko shambani. Kuanzia Oktoba korosho zaanguka. Basi tumechagua vipindi viwili: tangu mwisho wa Aprili mpaka shule zifungwapo mwezi wa Juni, na tangu Julai mpaka mwisho wa Septemba. Udongo hukauka vema siku hizo. Ukindu ndio una shida, maana katika kiangazi majani hukakamaa na kukatika. Yapasa kuyalowesha usiku na kuyafunga katika kitambaa kibichi, na kusuka kivulini.

Njaa pia ni sehemu ya mpango. Mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri hawezi kushika kisu saa tisa mchana kama hajala. Kila mzazi hutoa kopo mbili za unga wa mahindi kwa kipindi, na akina mama wawili kwa zamu hupika uji. Mitaa iliyotuambia kwamba darasa lao lilikufa, tuliwauliza swali hili la uji kabla ya swali lolote lingine, na mara nyingi jibu lilikuwa hapo.

Kwa hesabu ya watoto: fundi mmoja wa ukili aweza kuwatazama watoto 15. Penye kisu, tezo au msumeno, kumi ni wengi. Sisi huweka wanane. Wala fundi hakai peke yake na watoto hata siku moja, awe ni mtu mwema namna gani. Daima huwapo mzazi mwingine, na penye wasichana huwapo mama. Wengine waliona neno hili ni matusi kwa wazee. Mzee wa miche, aliye mkubwa kuliko sisi sote, ndiye aliyewanyamazisha. Alisema ya kwamba mtu asiye na la kuficha hukaa vizuri zaidi penye macho.

Kuna kazi ambazo hatufundishi. Kubangua korosho ni mojawapo, ijapokuwa wazazi kadhaa waliiomba, wakisema ndiyo kazi yenye fedha katika nchi yetu. Ganda la korosho lina mafuta makali yaunguzayo ngozi, nanyi mmeiona mikono ya wanawake wabanguao bila majivu wala mpira. Watoto hujichomea wenyewe korosho porini, twajua, na sisi tulifanya vivyo hivyo. Lakini kuchoma tatu za kula si sawa na kukaa alasiri nzima. Kadhalika dawa ya kunyunyizia mikorosho hatuigusi kabisa.

Vyombo vilikuwa vichache. Tulianza na visu sita, tezo mbili, msumeno mmoja, randa moja iliyoazimwa, sindano, shazia za kushonea mikeka, na cherehani ya fundi mwenyewe. Kwa kulainishia miiko hatukununua karatasi ya duka. Tulitumia majani ya msasa, ule mti ambao majani yake yana ukali, nayo karatasi ile ilipewa jina lake. Watoto walishangaa sana kusikia kwamba jina lilikuwa la mti kwanza. Vyombo vyote viko ndani ya sanduku lenye kufuli mbili, na funguo ziko kwa watu wawili. Kila chombo kina namba iliyochomwa katika mpini, na mtoto mmoja wa zamu huvihesabu watoto wengine hawajaondoka.

Sasa tufike penye lile neno la mzee wa nyuma, habari ya kibarua.

Kanuni yetu ni hii: kitu cha kwanza anachotengeneza mtoto ni chake, hukichukua nyumbani, na hapana mtu awezaye kukiomba, si fundi, si mwalimu, si Padre. Baada ya hapo, katika kila vitu vitatu, viwili ni vya mtoto na kimoja ni cha darasa, kiuzwe kwa ajili ya kununua vifaa. Hesabu ya fedha husomwa kwa sauti mbele ya watoto wenyewe kila mwisho wa mwezi. Si mbele ya wazazi tu, bali watoto. Nao huuliza maswali makali kuliko Halmashauri ya Mtaa. Tena hapana mtoto atumwaye kazi ya nyumbani kwa fundi, hata kuchota debe moja la maji.

Mwaka wa pili kanuni hiyo ilijaribiwa. Alikuja mfanya biashara mmoja, mtu mwenye adabu, akaviona vikapu vya watoto, akavisifu, akataka vikapu 60 kwa muda wa majuma sita, na bei yake ilikuwa nzuri. Fedha hizo zingetununulia cherehani mbili na bati za banda. Tulikaa kikao mpaka usiku. Wazazi wengi walitaka tukubali. Walisema, "Si watoto watakuwa wanajifunza vile vile? Kikapu ni kikapu." Na baadhi yao walikuwa na shida kweli, mwaka ule bei ya korosho ilikuwa mbaya kwetu.

Mmoja wetu akachukua chaki akapiga hesabu ubaoni. Watoto 15, siku mbili kwa juma, saa mbili kwa siku. Kikapu kimoja cha mtoto mwepesi humchukua saa 12. Kwa majuma sita watoto wote wangemaliza vikapu 30. Basi hivyo 30 vingine vingetoka wapi? Vingetoka katika siku za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Vingetoka usiku, kwa mwanga wa taa. Na mtoto mzito angesukwa vidole na mtoto mwepesi angenyimwa kucheza. Tena katika vikapu 60 vinavyofanana mtoto hujifunza kikapu kimoja tu, vingine 59 ni kazi ya mtu mwingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu mtoto aliye chini ya miaka 14 kuajiriwa, na watoto wetu wengi walikuwa na miaka tisa na kumi. Lakini hata kama sheria isingalikuwapo, yule mzee wa nyuma alikuwapo, ameketi pale pale kwenye kona, hasemi neno, anatutazama.

Tukamwandikia mfanya biashara kwamba watoto hawapokei maagizo, lakini wako akina mama saba wasukao vizuri, nao wako tayari. Akaenda kwao, wakasuka vikapu vyake, wakalipwa. Wazazi wawili walikasirika wakawatoa watoto wao katika darasa. Mmoja amerudi, mwingine bado. Bati hatuna mpaka leo. Mvua ya manyunyu ikinyesha twakimbilia ukumbini mwa kanisa. Mzee wa nyuma amemleta mjukuu wake mwaka wa tatu, naye mjukuu huyo ndiye achongaye miiko kuliko wote.

Limebaki neno la twisheni, maana twajua linawasumbua. Baba mmoja alituambia waziwazi kwamba saa ya alasiri ni ya kujiandaa kwa mtihani wa darasa la saba, na mtoto achongaye mwiko huku mwenzake akifanya hesabu atashindwa. Hatumcheki. Tangu ada ilipoondolewa katika shule za msingi mwaka 2001, na tena tangu mpango wa elimu bila malipo wa mwaka 2016, madarasa yamejaa, na mwalimu mmoja hawezi kumfikia kila mtoto. Mzazi mwenye shilingi hununua msaada anapoweza. Ndiyo sababu hatukuchukua watoto wa darasa la saba, na ndiyo sababu tulichukua siku mbili tu katika tano. Serikali nayo tangu mwaka 2024 imeanza kuweka mkondo wa amali katika shule za sekondari, nasi twashukuru. Walakini vidole vya mtoto hulainika katika miaka ya tisa na ya kumi, si vya kijana mwenye ndevu. Na fundi wa ukili hakai sekondari, akaa kijijini kwetu.

Tena wazee wetu hawatungoji. Mtaani kwetu palikuwa na mhunzi, aliyekuwa akifua majembe na vichwa vya mishale kwa chuma chakavu cha magari. Alifariki mwaka mmoja kabla darasa halijaanza. Fuawe lake liko. Wajukuu hulitumia kuzuia mlango. Mivukuto imeliwa na mchwa. Tumekwisha kuuliza mitaa minne kama yuko mtu ajuaye kazi ile, na ikiwa yuko kwenu, twaomba mtuambie leo kabla hamjapanda magari. Nauli yake tutalipa, na mahali pa kulala tutampa.

Mitaa iliyo tayari kuanza mwezi wa Aprili na ituachie majina kwa katibu wetu pale mlangoni. Twaweza kuwaazima tezo moja na shazia nne kwa kipindi cha kwanza. Mama mfinyanzi amekubali kutembelea mitaa miwili baada ya mavuno, kwa sharti kwamba apewe mtu wa kumchukulia mzigo wake, na kwamba asiombwe kutoa hotuba. Nanyi mnaotaka kuja kututazama, njooni Jumanne au Alhamisi katika kipindi, saa nane na nusu. Uji hutosha. Kila mmoja na aje na kisu chake, maana visu vyetu ni vile vile sita.